Nafasi ya Jumamosi

Nilipeleka maboksi matatu ya vitabu kwenye maktaba ya chuo nilichosoma, na mkutubi akanirudishia mawili na nusu. Hakuwa na haraka. Alivuta kigoda, akaketi, akavitoa kimoja kimoja, akapekua kurasa, akavinusa (naam, alivinusa), kisha akavipanga mafungu mawili sakafuni. Lile la kurudi nyumbani lilizidi kupanda. Nilikuwa nimetumia siku mbili kuyafunga maboksi yale, nikijihesabu mtu anayelipa deni lake, maana masomo yangu yote yalibebwa na rafu za jengo lile. Nilitoka nimenuna.

Mlangoni aliniambia maneno ambayo siku ile sikuyaelewa. "Vitabu vya kupewa vinatuzidi. Tusichonacho ni nafasi. Kama unataka kutusaidia kweli, njoo Jumamosi saa tatu asubuhi, na uvae nguo usiyoionea uchungu ikichafuka."

Hasira ilichukua wiki tatu kupoa. Ilipopoa nikaenda. Sasa ni mwaka wa tisa.

Chumba cha nyuma niliwakuta watu saba wamezunguka meza ndefu: mhadhiri mstaafu wa kemia, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mhasibu, fundi wa kujalidi vitabu, wanafunzi wawili, na mama mmoja mtu mzima ambaye hakuwahi kusoma chuo chochote lakini alijua kila rafu ya maktaba ile ilipo. Hao ndio marafiki wa maktaba. Jina lenyewe lina sauti ya hafla na hundi za kupigia picha, na vyama vya namna hiyo vipo, wala sivibezi. Chetu kina katiba ya kurasa nne, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mkutano mkuu mara moja kwa mwaka, na ada ndogo makusudi ili mwanafunzi naye aimudu. Lakini mtu akiniuliza tunafanya nini, humwambia: tunachambua maboksi.

Acha nieleze kazi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha.

Kila anayehama, anayestaafu au anayefiwa hukumbuka maktaba. Maboksi huja bila barua, wakati mwingine huachwa mlangoni usiku. Kitu cha kwanza ni pua. Harufu ya ukungu huitambua mtu kabla ya jicho kuona doa, na ukungu hauna mchezo: karatasi ikilowa, ndani ya siku mbili tatu unaanza kuota, na kitabu kimoja chenye ukungu kikiingizwa rafuni penye unyevu, majirani zake wote wamo hatarini. Ndiyo maana boksi la mgeni halivuki mlango wa ndani kabla ya kukaguliwa. Baada ya pua, brashi. Kitabu hushikwa kikiwa kimefungwa na kubanwa vizuri, vumbi hufagiwa kutoka mgongoni kwenda ukingoni, lisije likazama katikati ya kurasa. Mikono huwa mitupu, imeoshwa na kukauka. Zile glavu nyeupe za kwenye filamu humnyima mtu hisia ya vidole, naye akaishia kuchana ukurasa. Selotepu ni marufuku. Nimeona jinsi gundi yake inavyogeuka kahawia na kupenya hadi upande wa pili, ikala maandishi yaleyale ambayo mtu mwema alitaka kuyaokoa.

Kisha linakuja swali gumu: kibaki au kiondoke?

Zawadi ina gharama. Nilikuwa sijui. Kila kitabu kinachopokelewa lazima kiingizwe kwenye katalogi na mtu anayelipwa mshahara, kipigwe muhuri, kipewe namba, kisha kikalie sentimita kadhaa za rafu kwa miaka hamsini ijayo. Kitabu cha kufundishia programu za kompyuta ambazo hazitumiki tena, ensaiklopidia iliyopungua juzuu mbili, nakala ya sita ya kitabu ambacho nakala zake tano hazijaazimwa kwa miaka kumi: hivyo vyote hula nafasi ya kitu ambacho msomaji angekihitaji. Mawili na nusu yangu yalikuwa ya aina hiyo. Ile nusu aliyoibakiza mkutubi, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa vijitabu vyembamba nilivyovitumia kuziba mapengo ili vitabu vinene visicheze: ripoti ya mkutano, mwongozo wa maonyesho, na matoleo manne ya jarida moja ambalo maktaba ilikuwa na pengo la miaka hiyo hiyo. Nilivichukua kama matambara ya kufungashia, kumbe ndivyo alivyovitafuta.

Basi nikajifunza kuogopa. Ukishajua kwamba chembamba kinaweza kuwa na thamani kuliko kinene, mkono unakuwa mzito juu ya lile fungu la kuondoka. Mhadhiri wetu wa kemia ndiye aliyenisimulia kisa ambacho sasa nami humsimulia kila mwanachama mpya.

Mwaka 1623 tamthilia 36 za Shakespeare zilichapishwa London katika kitabu kimoja kikubwa. Maktaba ya Bodleian, ya Chuo Kikuu cha Oxford, ilipata nakala yake mapema, maana tangu 1610 ilikuwa na makubaliano na chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London kwamba itapewa nakala ya vitabu vyao vipya. Ikajalidiwa, ikafungwa mnyororo rafuni kama ilivyokuwa desturi, wanafunzi wakaisoma. Miaka arobaini hivi ikapita, likatoka toleo la tatu, nalo liliongezewa tamthilia saba. Ukiwa na jipya lenye mengi zaidi, la zamani la nini? Nakala ya 1623 ikatoka maktabani, yaelekea ikiwa imeuzwa pamoja na vitabu vilivyohesabiwa kuwa vya ziada. Na kati ya zile saba zilizoongezwa, sita leo hazihesabiwi kuwa kazi ya Shakespeare.

Mwaka 1905 mwanafunzi mmoja akaja Bodleian na kitabu kikuukuu cha familia yao, akiuliza jinsi ya kukitengeneza jalada. Wakutubi wakaitambua kazi ya mjalidi, na alama ya mahali mnyororo ulipokuwa umeshikizwa. Kitabu kilikuwa kimerudi chenyewe. Lakini mkusanyaji mmoja wa Marekani, Henry Folger, alikuwa tayari kutoa pauni 3,000, na maktaba haikuwa na fedha kama hizo. Ikabidi iombe. Wahitimu wakachanga, watu ambao hawakuwahi kukanyaga pale wakachanga, na mwaka 1906 kitabu kikakombolewa. Kurasa za Romeo na Juliet zimechakaa kuliko nyingine zote, zimelika kwa mikono na viwiko vya wanafunzi wa karne ya 17. Mwaka 2012 umma ukaombwa mchango tena, safari hii ili kitabu kiimarishwe na kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na sasa yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama kurasa hizo zilizolika.

Nimekifikiria kisa hiki mara nyingi nikiwa na brashi mkononi. Kwangu hakimtii hatiani mkutubi wa miaka ya 1660. Alikuwa na rafu zilezile zisizotosha kama wetu leo. Kinachonigusa ni kwamba kosa la kuondoa kitabu lilichukua dakika chache za mtu mmoja, na kulirekebisha kulihitaji umati. Kwa hiyo mezani kwetu hakuna mtu mmoja anayetupa. Anayesema "kiondoke" hukipeleka kwa mwenzake, mwenzake hutafuta kwenye katalogi, na kama nakala hiyo haipo au ina maandishi ya mkono pembeni, kitabu huenda kwa mkutubi, naye ndiye mwenye neno la mwisho. Sisi si wateuzi. Hilo limeandikwa kwenye hati ya makubaliano kati ya chama na maktaba, nami ningependa liandikwe ukutani.

Vyama vyenye jina hili la marafiki vilianza kuenea robo ya kwanza ya karne ya 20. Paris walianzisha chama cha marafiki wa maktaba ya taifa mwaka 1913. Oxford na Harvard wakaanzisha vya maktaba za vyuo vyao mwaka 1925. Jambo lenyewe lina umri mkubwa zaidi. Thomas Bodley, aliyejitolea mwaka 1598 kuifufua maktaba ya Oxford iliyokuwa imebaki chumba kitupu, aliweka kitabu kikubwa cha kuandikia majina ya waliotoa, na alipokuja kuandika habari za maisha yake alisema kazi ile isingewezekana bila vitu vinne: elimu, fedha, marafiki wengi wenye heshima, na nafasi.

Hilo la nne ndilo lililonisimamisha. Yeye alikuwa na maana ya muda, faragha ya mtu aliyestaafu utumishi na sasa anaweza kuishughulikia kazi moja mpaka iishe. Kiswahili kimeniongezea maana nyingine. Nafasi ni muda, nafasi ni mahali wazi rafuni, nafasi ni cheo cha kazi kinachosubiri mtu. Mkutubi aliponiambia mlangoni kwamba hawana nafasi, alikuwa anasema yote matatu kwa neno moja. Hawakuwa na rafu. Hawakuwa na saa za kuchambua. Hawakuwa na watu. Nami nilikuwa nimempelekea maboksi matatu.

(Bodley huyohuyo, niliongeze hili, alimwandikia mkutubi wake wa kwanza, Thomas James, akimzuia asipokee tamthilia na vijitabu vya kupita, akiviona takataka. Alifariki 1613, miaka kumi kabla ya kitabu kile kuchapwa. Hata mwenye maktaba haoni mbali. Ndiyo maana nasisitiza mkono wa pili na wa tatu juu ya kila boksi.)

Fedha tunazo kidogo, nitazipitia haraka. Vitabu vilivyokataliwa lakini vizima tunaviuza mara moja kwa mwaka, na wanafunzi hupanga foleni kabla hatujafungua mlango. Sehemu ya mapato huingia kwenye wakfu: fedha ya asili haiguswi, kinachotumika ni faida yake tu, na mtoaji akisema fedha yake ni ya jambo fulani, inabaki kuwa ya jambo hilo hata kama sisi tungependa lingine. Tumenunua mashine ya kunyonya unyevu na maboksi yasiyo na asidi kwa ajili ya nyaraka. Hivi si vitu vya kumpigia mtu picha. Lakini karatasi nyingi za kuanzia katikati ya karne ya 19, zilizotengenezwa kwa mbao zilizosagwa, zina asidi yao wenyewe inayozila kutoka ndani hadi ziwe rangi ya hudhurungi na kuvunjika kama jani kavu. Boksi zuri na hewa kavu huchelewesha siku hiyo. Hatununui kitu ambacho maktaba haikukiomba. Tulifanya hivyo mara moja, tukaleta viti vizuri vya kusomea vilivyozidi kimo cha meza, na kwa mwaka mzima niliwatazama wanafunzi wakisoma wamejikunja.

Kuna jambo moja ambalo bado linaniuma. Mwaka mmoja ofisi iliyokuwa ikishughulikia bajeti ilisoma taarifa yetu, ile tuliyoiandika kwa fahari, yenye jumla ya saa tulizojitolea. Mkutubi msaidizi alikuwa amestaafu. Ofisi ikauliza kwa nini nafasi yake ijazwe, wakati marafiki wanafanya kazi bure?

Sijawahi kuona aibu na hasira zikikaa pamoja kifuani kama siku ile. Saa zetu, tulizozitoa ili wakutubi wapate nafasi, zilikuwa zinatumika kuwanyang'anya nafasi. Tulikutana, tukabishana mpaka usiku, na tukaamua kusimamisha kazi yote ya mezani mpaka mtu aajiriwe. Wengine walisema tunaiadhibu maktaba kwa kosa ambalo si lake. Mimi niliunga mkono kusimama na ningeunga tena. Mtu wa kujitolea huja Jumamosi, na Jumamosi akiugua haji. Hajasomea uainishaji. Hawezi kumsaidia mwanafunzi anayelia siku moja kabla ya kuwasilisha tasnifu kwa sababu hajui aanzie wapi kutafuta. Hapaswi hata kuona nani ameazima nini, maana siri ya msomaji ni amana. Tuliandika barua, wahadhiri wakaitia saini, chama cha wanafunzi kikaitia saini. Ilichukua miezi saba. Maboksi yalijaa ukumbini hadi tukapita upandeupande. Mkutubi msaidizi akaajiriwa, na siku yake ya kwanza mama yetu mtu mzima alimpelekea brashi mpya iliyofungwa utepe.

Tangu hapo hatuandiki tena jumla ya saa peke yake. Chini yake tunaandika kazi ambazo tumekataa kuzifanya na sababu yake.

Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanzia mteremkoni mwa Table Mountain ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town, ukaunguza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger. Makumi ya maelfu ya machapisho ya masomo ya Afrika yaliteketea. Milango ya kuzuia moto iliyalinda makusanyo ya ghala la chini, lakini maji ya zimamoto yakashuka huko. Ndipo wakaja watu wa kujitolea kwa mamia. Nilizitazama picha zile usiku kucha: wanafunzi, wakutubi wa kwingine, watu wa mtaani, wamevaa kofia ngumu na barakoa, wamepanga mstari, makreti ya plastiki yakipita mkono kwa mkono kutoka gizani. Vilivyolowa sana vilipelekwa kwenye makontena ya kugandisha, vyenye unyevu vikaanikwa kwenye mahema. Barafu haikiponyi kitabu. Inausimamisha ukungu ili mafundi wapate nafasi ya kukishughulikia kwa zamu, leo hiki, mwakani kile.

Jumamosi iliyofuata hatukuchambua kitu. Tuliandika majina na namba za simu, nani ana gari, nani anaishi karibu, nani ana ufunguo, nani anaamrisha. Tukanunua ndoo, tochi, karatasi za kunyonya maji na mashuka ya plastiki ya kufunika rafu. Mashuka hayo yameshatumika mara mbili, paa lilipovuja.

Mwaka jana zamu ya kigoda ilikuwa yangu. Alikuja mama mmoja, mjane wa mwalimu wa isimu, na maboksi kumi na tisa. Alikuwa ameyafunga kwa kamba, kila moja limeandikwa kwa kalamu nene. Nilitoa kimoja kimoja, nikapekua, nikanusa, naye amesimama ananitazama. Nilijua anachokiona. Fungu la kurudi lilikuwa linapanda.

Katika boksi la kumi na sita, chini ya kamusi ambazo maktaba inazo tayari, palikuwa na madaftari kumi na manne. Mume wake alikuwa amezunguka miaka mingi akiandika maneno kutoka vinywani mwa wazee, jinsi yanavyotamkwa, nani kayasema, siku gani. Nilimwita mkutubi. Akanawa mikono, akafungua la kwanza, akakaa kimya muda mrefu.

"Mama," alimwambia, "vitabu hivi vingine tunavyo. Haya hayapo popote."

Mama hakujibu. Alitazama mafungu yote mawili, kubwa na dogo, na sikuweza kusoma uso wake. Kisha akaketi kwenye kigoda changu akatia saini hati ya kukabidhi, na vijana wakamsaidia kurudisha mengine garini.

Shida ikawa mwandiko. Marehemu alikuwa na vifupisho vyake, herufi zimelala, mistari imepandiana. Mwanafunzi wetu wa isimu alihangaika nayo miezi miwili, akijaza alama za kuuliza kwa penseli kwenye orodha yake. Mwishowe tulimpigia simu mama, tukamuuliza kama angeweza kupita siku moja. Sasa huja kila Jumamosi, na hukaa mwisho wa meza, upande wa dirisha. Husoma kwa sauti ya chini, mwanafunzi anaandika. Mara nyingine husimama katikati ya mstari, kisha huendelea.

Wiki iliyopita walifika kwenye neno lililotusumbua tangu mwanzo, herufi tano pembeni mwa ukurasa wa daftari la tatu, limezungushiwa mviringo. Mwanafunzi alikuwa amelitafuta kwenye kamusi zote. Mama akaliinua daftari kwenye mwanga, akalisogeza mbali kidogo, akatabasamu.

"Hilo si neno, mwanangu. Hapo alikuwa anajaribu kalamu mpya."

Mwanafunzi akafuta alama ya kuuliza, na pembeni, kwa mwandiko wake mdogo, akaandika: anajaribu kalamu.